Iliyoharamishwa ni Nyama, si Hadithi

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, hapa Pemba, alinijia na kitabu kilichobandikwa kipande cha gazeti kwenye jalada. Kitabu chenyewe kilikuwa Animal Farm cha George Orwell, nakala kuukuu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dar es Salaam. Gazeti lilikatwa kwa mkasi likawa duara, kadiri ya kichwa cha mnyama aliyechorwa pale juu, kisha likagandishwa kwa gundi. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Mama kasema nisome, Maalim, lakini huyu asituangalie tukiwa tunakula."

Nimelifikiria gazeti lile kwa siku nyingi. Mama yule, ambaye hatujaonana, naona ni mtu wa busara. Hakukitupa kitabu, wala hakumkataza mtoto kusoma. Alifunika sura, maneno akayaacha. Sisi waandishi na walimu wa fasihi wa visiwani hatukufika hata hapo, kwani tumefunika sura na maneno vyote viwili. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu fasihi hii ndiyo iliyonilea na ndiyo ninayoisomesha, na ndani yake naona pengo ambalo sijasikia mtu akilitaja. Pengo hilo ni nguruwe.

Tuanze na hadithi za usiku. Paukwa, pakawa, na mara sungura keshatokea, na fisi, na simba, na chui. Katika mkusanyo wa Edward Steere, uliochapwa London mwaka 1870 kutokana na hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, yumo paa aliyemtoa maskini jaani akamfikisha kwenye ufalme, kisa cha Sultani Darai. Yumo kima aliyemwambia papa kuwa moyo wake ameuacha mtini. Yumo punda wa dobi, ambaye sungura alimla moyo na masikio kisha akadai kwamba hakuwa navyo tangu hapo. Paa, kima, papa, punda, wote wana kauli. Nimekua katika hadithi hizi, nimezisikia kwa bibi na nimezisoma, na sikumbuki hata moja ambamo nguruwe alifungua kinywa akasema neno.

Katika methali yumo, lakini tazama yumo vipi. "Ukila nguruwe, chagua aliyenona." Hii ni methali ya watu wasiomla. Haimzungumzii nguruwe kabisa. Inamzungumzia mtu aliyekwisha kuamua kukosa, kwamba basi angalau asikose kwa kitu duni. Nguruwe ni kipimo cha dhambi tu. Kwenye ulimi wa kila siku ni tusi, na likisemwa kwa Kiarabu, hanziri, ndiyo linazidi kuuma. Bara nako, kwa ndugu zetu wanaomla, amepewa majina ya kificho, kitimoto, mbuzi katoliki, kana kwamba hata mlaji anaona tabu kumtaja. Mnyama mwenye majina mengi kiasi hicho na hadithi chache kiasi hicho amefichwa.

Ajabu ni kwamba tunamjua. Tunamjua kuliko tunavyomjua simba, ambaye hadithi zetu zimejaa naye na hakuna mtoto wa Wete aliyewahi kukuta nyayo zake.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi babu yangu aliponichukua konde kulinda muhogo. Dungu lake lilikuwa la miti minne, sakafu ya fito, paa la makuti, limeinuka kimo cha mtu mzima. Chini kulifuka moto wa makumbi. Tulikuwa na debe tupu na kigongo, na kamba ndefu iliyofungwa makopo ikaenda mpaka mpakani. Nguruwe hukuwaona, uliwasikia. Kwanza vidudu vya usiku vilinyamaza upande mmoja wa konde. Kisha ukaja mguno, mmoja, wa chini. Kisha sauti ambayo hadi leo nikiisikia usingizini huamka, sauti ya udongo unaopinduliwa. Babu hakuwaita kwa jina lao. Alisema, "Wale wameshaingia, mjukuu wangu," akalipiga debe, nami nikavuta kamba, na giza zima likakimbia mbele yetu.

Walirudi baada ya saa moja. Babu alikuwa amechoka na mimi nimelala. Asubuhi matuta yalikuwa yamefumuliwa kama mtu aliyepita na jembe kwa hasira, na muhogo umetafunwa nusunusu, huu umeonjwa, ule umeachwa. Babu alisimama akatazama, wala hakulaani. Alinionyesha nyayo, kubwa na ndogo. "Huyu jike," akasema. "Kawatanguliza wanawe penye kula, yeye kabaki nyuma anatusikiliza." Mwaka ule tulikula muhogo wa kununua. Lakini sauti ya babu alipotamka maneno yale ilikuwa na heshima, heshima anayoitoa mtu kwa hasimu anayeijua kazi yake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Katika nchi zilizotuletea vitabu vingi vya nguruwe, mtu humla nguruwe. Huku kwetu nguruwe ndiye anayemla mtu, maana anakula jasho lake, anakula miezi minane ya kungoja. Kwao uhusiano ni wa kisu na sahani. Kwetu ni uhusiano wa konde na usiku. Watu wawili wanaomtazama mnyama mmoja kutoka pande hizi mbili hawawezi kuandika hadithi moja, na hawawezi hata kuisoma hadithi moja kwa namna moja. Hadithi ya upande wetu bado haijaandikwa.

Nimeliona hili darasani. Orwell alichapisha kitabu chake Agosti 1945, na Fortunatus Kawegere akakifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza bwana shamba, wanaweka sheria saba kwamba wote ni sawa, na haupiti muda maziwa yanatoweka, kisha matufaha. Nguruwe ndio wanaoyala. Anatumwa mmoja wao, fundi wa maneno, kuwaeleza wenzao kwamba nguruwe hawayapendi maziwa, wanayanywa kwa ajili ya akili inayowafaa wote. Kila mwaka nikifika hapa nasubiri darasa lishtuke. Halishtuki. "Ndivyo walivyo, Maalim," kijana mmoja aliniambia. Kwake, nguruwe kula mali isiyokuwa yake ni jambo la kawaida, kalishuhudia kwa macho yake kondeni kwao. Anakisoma kitabu kizima kama kisa cha mwizi aliyeingia shambani.

Kumbe kitabu ni kisa cha usaliti, na msaliti hatoki nje. Katika shamba la Kiingereza ng'ombe anatoa maziwa, kuku mayai, kondoo sufi, farasi anavuta. Nguruwe peke yake hana kazi yoyote ila kuliwa. Mzee wao, katika hotuba inayowasha mapinduzi, anawageukia vijana wa kinguruwe na kuwaambia kwamba kabla ya mwaka kwisha kila mmoja wao atapiga mayowe kwenye gogo la kuchinjia. Yeye ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote ya kulia. Ndiyo maana wenzake walimwamini. Ndiyo maana pia ukurasa wa mwisho unachoma vile, wanyama wanapochungulia dirishani wakashindwa kujua yupi nguruwe na yupi binadamu. Aliyekuwa chakula amekuwa mlaji. Msomaji ambaye hajawahi kufikiria nguruwe kama chakula, na sisi hatumfikirii hivyo kwa sababu ya dini yetu, anakosa nusu ya kitabu, na hajui kama amekosa.

Visiwani kwetu neno mapinduzi si la vitabuni, kwa hiyo wanafunzi hukimbilia kwenye siasa na kugawa majina, huyu ndiye fulani na yule ndiye fulani. Mimi huwazuia kidogo. Siogopi siasa. Naona tu kwamba kabla hujajua nguruwe wa Orwell anamwakilisha nani, yakupasa kwanza umwone kama nguruwe.

Njia ya kuwaonyesha niliipata kwenye kitabu cha watoto. Mmarekani E. B. White aliandika mwaka 1952 kisa cha nguruwe mdogo, Wilbur, aliyezaliwa dhaifu akakaribia kuuawa kwa shoka siku ileile, akaokolewa na msichana wa nyumba. Anakua bandani kwa furaha mpaka kondoo mzee anapomwambia sababu ya kunenepeshwa, kwamba baridi ikija atachinjwa. Buibui anayeishi juu ya mlango wa banda ndiye anayemwokoa, kwa kutarizi maneno ya kumsifu ndani ya utando wake, na watu wanayaona, wanastaajabu, wanaona haya kumchinja mnyama mwenye sifa hizo. Niliwasimulia wanafunzi. Wakakaa kimya, hawana la kusema. Basi nikawauliza, nani hapa amewahi kumlilia mbuzi wa Iddi el-Hajj?

Mikono ikapanda. Mmoja baada ya mwingine wakaeleza. Mbuzi aliyeletwa wiki mbili kabla, akafungwa mwembeni, akapewa jina wakati baba kashaonya asipewe jina. Majani aliyokatiwa kila jioni. Asubuhi ya sikukuu, na nguo mpya, na mtoto anayejificha chumbani kwa bibi yake. Msichana mmoja alisema hakula nyama siku ile na hadi leo hajamwambia mtu. Wote wanajua kwamba ibada ni haki na sadaka ni haki, hakuna aliyelipinga hilo. Hata hivyo walilia. Nikawaambia, sasa rudini kwa Orwell, someni tena hotuba ya yule mzee. Safari hii hakuna aliyesema ndivyo walivyo.

Hiyo ndiyo kazi ya nguruwe katika fasihi ya dunia, na ndiyo sababu waandishi hawamwachi. Simba anabeba ufalme, mbweha anabeba ujanja. Nguruwe anabeba tumbo. Kila anapoingia hadithini analeta swali la nani anakula na nani analiwa. Katika riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, watoto wa Kiingereza walioachwa kisiwani peke yao wanamuua nguruwe jike akinyonyesha, wanakitundika kichwa chake juu ya kijiti kiwe sadaka kwa dubwana wanaloliogopa, na baadaye wanamuua mwenzao, yule mnene waliyempachika jina la nguruwe. Dubwana halikuwemo msituni, lilikuwa ndani yao. Kisa cha nguruwe watatu wanaojenga nyumba nakipita haraka, maana sijapata kukipenda. Kinafundisha kwamba anayejenga kwa majani ni mvivu, na nani kati yetu atamwambia hivyo mzee aliyeezeka kwa makuti na akaishi humo maisha yake yote?

Yupo mmoja ambaye natamani kila mtoto wa visiwani amjue. Katika riwaya kubwa ya Wachina ya karne ya 16, Safari ya Magharibi, mtawa anatembea kutoka China mpaka India kutafuta vitabu vitakatifu, akifuatana na wanafunzi wake. Mmoja ni tumbili hodari. Mwingine ni Zhu Bajie, aliyekuwa jemadari mbinguni, akafukuzwa kwa kumkosea heshima mwanamke wa mwezini, akaanguka duniani, akazaliwa na nguruwe jike. Ana silaha ya reki yenye meno tisa. Ni mlafi, mvivu, ana wivu, na kila kwenye shida anasema mizigo igawanywe kila mtu arudi kwao. Lakini harudi. Analalamika njia nzima na anatembea njia nzima. Mwishoni mtawa na tumbili wanapandishwa vyeo vya juu kabisa, yeye anapewa kazi ya kusafisha madhabahu, yaani kula masazo ya sadaka. Katika wahusika wote wa safari ile, yeye ndiye anayenifanana mimi na majirani zangu, watu wanaotaka kufika na wanaotaka kulala.

Na yupo mtu mwingine, ambaye si nguruwe bali mchunga nguruwe, na kila nikimsoma ni kama nasoma habari ya pwani hii. Katika utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Uyunani, shujaa Odysseus anarudi kwao baada ya miaka ishirini, amejigeuza ombaomba, na nyumba ya kwanza inayompokea ni kibanda cha Eumaeus, mtumwa anayechunga nguruwe wa bwana wake. Eumaeus hamjui mgeni wake. Anamkaribisha, anamchinjia, anamfunika vazi lake usiku wa mvua. Kisha wanakaa motoni na mchungaji anaeleza alikotoka. Alizaliwa mtoto wa mfalme, kisiwani. Wafanyabiashara walikuja na jahazi lao la bidhaa, wakaelewana na mtumishi aliyekuwa akimlea, akatolewa nyumbani usiku akiwa mdogo, akapakiwa, akauzwa ng'ambo ya bahari. Sisi tunaoishi visiwa hivi, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, tunahitaji kuelezwa nini zaidi? Na mshairi yule, anayewaeleza wahusika wengine kwa mbali, akifika kwa Eumaeus hugeuka akamwita: wewe, Eumaeus, mchunga nguruwe. Mtu wa kazi duni kuliko zote pale ndiye anayezungumzishwa uso kwa uso.

Nakisia msomaji wangu anashika kichwa: Maalim, dini je? Nalichukulia swali hili kwa uzito wake wote, maana mimi mwenyewe ni mtoto wa chuo cha Qur'ani. Nyama ya nguruwe ni haramu, hakuna mjadala. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, yeye ni najisi nzito, akigusa chombo kikiwa na unyevu kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini najisi ni ya mwili. Jina lake limo ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara, al-Maida, al-An'am na an-Nahl, na imamu hulisoma ndani ya sala bila sala kuharibika. Mwenyezi Mungu amemtaja. Sisi tumejikataza zaidi ya tulivyokatazwa.

Na wanazuoni waliotutangulia hawakujikataza. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, alipoandika kitabu chake kikubwa cha wanyama alimwandika na nguruwe. Karne moja baadaye, Basra hiyohiyo, kundi la wanafalsafa waliojiita Ikhwan as-Safa waliandika kisa ambacho naona kama kiliandikwa kwa ajili yetu. Jahazi linasukumwa na dhoruba hadi kisiwa kilichopo katikati ya bahari, upande wa ikweta, ambako wanyama wanaishi huru chini ya mfalme wa majini. Binadamu wanashuka, wanapapenda, wanaanza kuwakamata wanyama na kuwafanyisha kazi. Wanyama wanakwenda kushitaki kwa mfalme. Punda anaeleza mateso yake, na ng'ombe, na kondoo, na ngamia, na farasi. Kisha nguruwe naye anaambiwa aseme.

Na anasema. Anasema hajui aanzie wapi, kwa sababu binadamu hawajakubaliana juu yake. Waislamu wanamwona amelaaniwa, wanachukia hata kumtazama. Warumi wanashindania nyama yake na kuifanya ya sadaka. Mayahudi wanamchukia, na yeye hajui aliwakosea nini. Matabibu wanatia mafuta yake kwenye dawa, watunza farasi wanamweka pamoja na wanyama wao, washonaji viatu wanagombea manyoya yake magumu. Kwa hiyo amebaki njia panda, hajui amshukuru nani wala amlalamikie nani.

Hayo yaliandikwa na Waislamu, kwa Kiarabu, miaka elfu iliyopita, katika mji ambao majahazi yake na yetu yalisukumwa na pepo zilezile za kaskazi na kusi. Hawakumhalalisha. Hawakumwonea huruma ya kupindukia. Walimpa zamu ya kusema, na alipoipata akasema maneno ambayo hakuna mnyama mwingine pale angeweza kuyasema, maana yeye peke yake ndiye ambaye watu wamegombana juu yake. Mwishowe kesi wanashinda binadamu, lakini baada ya kusikiliza.

Sasa tazama walivyofanya wakubwa wetu wa uandishi. Katika hadithi za Alfu Lela u Lela kuna gavana wa Basra, Basra tena, anayewapiga kila usiku mbwa wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa uhasidi wao. Shaaban Robert aliichukua mbegu hiyo akapanda Adili na Nduguze, mwaka 1952, na kwake ndugu wale wamekuwa manyani. Sijui mtu anayesoma fasihi ya pwani asiyepaswa kusimama hapo kidogo. Mbwa ni najisi, na nyani anakaribia umbo la mtu, kwa hiyo mwandishi alichagua mnyama ambaye msomaji wake angeweza kumtazama machoni na kumhurumia. Ni uchaguzi wa fundi, sina ugomvi nao. Lakini unaonyesha mpaka ulipo. Aliyeuvuka ni mtoto wa Unguja aliyeandika kwa Kiingereza. Mwishoni mwa riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la Peponi, kijana Yusuf anawaona mbwa wakila kinyesi walichoacha askari, na katika mbwa wale anajiona mwenyewe. Najisi juu ya najisi, na ndipo mhusika anapojijua. Angekuwa mnyama asiye najisi, kurasa zile zisingekuwa na nguvu hiyo.

Kwa hiyo nauliza, yuko wapi nguruwe wetu? Yupo katika msitu wa Jozani na yupo katika makonde ya Pemba. Wazee wa hapa husema wa Pemba waliletwa na Wareno, wakaachwa, wakawa wa mwitu. Ikiwa wasemavyo ni kweli, basi ameishi nasi muda sawa na maneno meza na gereza, ambayo tulishayasamehe ugeni wao zamani. Ana historia ya karne, ana uadui wa kweli na watu wa kweli, ana usiku, ana watoto wa kuwalisha. Upande wa pili kuna mzee mwenye debe na mjukuu anayesinzia, nao wana watoto wa kuwalisha vilevile, na katikati kuna konde moja la muhogo ambalo haliwatoshi wote wawili. Mwandishi gani anataka zaidi ya hapo? Haya yote yanatokea usiku huu, nami nikiandika, kilomita chache kutoka nilipokaa.

Watoto wetu wamo nyumbani wanatazama katuni za Peppa Pig kwenye simu za mama zao, nguruwe wa Kiingereza mwenye gauni na viatu vya mvua. Baadhi ya wazazi wanazima, baadhi wanaacha, na kila mmoja ana sababu yake. Kinachonisumbua mimi ni kwamba mtoto huyo anajua nguruwe wawili, wa tusi na wa katuni. Yule ambaye babu yake amekesha naye, akamsikiliza akipumua gizani, hamjui.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika hadithi inayosimuliwa na mnyama anayeingia makondeni. Sikumtaja ni yupi. Wengi waliandika kima, wawili wakaandika kunguru. Msichana wa gazeti akabaki baada ya kengele, daftari limefungwa kifuani. Akaniambia anataka kumwandika jike mwenye wana sita, usiku wa kiangazi, na konde ni la bibi yake. Ameshapata mwanzo, lakini amekwama kwenye jambo moja.

"Akisema, Maalim, atasema Kiunguja cha skuli au Kipemba?"

Nikamuuliza yeye anamsikiaje. Akatazama dirishani kidogo.

"Kipemba," akasema. "Si ndiko alikozaliwa?"